Ngamia wa Seli ya Mwisho

Wanangu mnaotumwa huku kwa mara ya kwanza, karibuni. Najua wapo kati yenu waliolia waliposikia wamepangiwa Garissa, au Wajir, au Mandera. Mimi pia nililia. Kwetu ni Kitui, upande wa Mwingi, na basi lilipovuka daraja la Tana nilijiambia nitavumilia mwaka mmoja kisha niombe uhamisho. Nimestaafu hukuhuku. Wanangu wa kuzaa wanajua Kisomali kuliko Kikamba, na mimi nikienda kwetu huponyokwa na "wallahi" katikati ya ibada, waumini wote wakanigeukia.

Nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika zahanati ya gereza moja la huku kaskazini mashariki. Silitaji, kwa sababu watu nitakaowasimulia wengi wako hai na wana heshima zao. Majina yao pia nimeyabadilisha. Mmeniomba niwaeleze namna ya kumhudumia mtu aliyefungiwa peke yake. Vitabu mmevisoma, na vya siku hizi ni vizuri kuliko vyetu. Mimi nitawasimulia habari za mtu mmoja na za wale walionisaidia kumtunza. Nikikumbuka jambo la kazi katikati nitalisema papo hapo. Msinikatize, maana sisi wazee tukikatizwa huanza upya.

Tuanze na mahali pa kukaa. Aliyenifundisha ni Mzee Hassan, muuguzi mwenzangu aliyenitangulia, mtu wa Garissa hasa, mwenye ndevu za hina na sauti ya chini. Mara ya kwanza aliponipeleka kwenye seli za peke yake, nilisimama wima mbele ya mlango wa chuma, nikainamia lile tundu la kupitishia chakula, nikauliza kwa sauti ya hospitali, "Unaendeleaje leo?" Mtu wa ndani akageukia ukuta. Mzee Hassan akanivuta mkono wa sare.

"Mwikali," akaninong'oneza, "umemzibia mwanga."

Nilikuwa sijaona. Tundu lile ndilo lililokuwa likimpa mwanga mdogo alionao, nami nililijaza kwa uso wangu. Mzee Hassan akachukua jerikeni tupu, akaligeuza, akaketi pembeni ya mlango ili mwanga upite. Akasema, "Asalaam aleikum. Mimi ni Hassan wa zahanati. Leo ni Jumatano. Nje kuna upepo, lakini mawingu yamepita tu, hakuna mvua. Mimi nimeamka mgongo unaniuma." Kisha akanyamaza. Nilidhani amesahau maswali. Tulikaa kimya hadi nikaanza kuona aibu, ndipo sauti ikatoka ndani, yenye kutu ya kukaa bila kutumika: "Unauma upande gani?"

Wakazungumza habari za mgongo. Tulipotoka nje aliniambia, "Huyu kila siku anaulizwa. Umekula? Umelala? Umetulia? Hana nafasi ya kumwuliza mtu kitu. Mpe nafasi akupe pole." Mzee Hassan alishatangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema. Kila niliyemhudumia baada yake, yeye alikuwa mkono wangu wa kulia.

Sasa, huyu ninayetaka kuwasimulia nitamwita Ibrein. Aliletwa kutoka upande wa Wajir, mchungaji wa ngamia, wa wale wanaozungumza Kiborana. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa hatua ndefu ambao hata uani mwa gereza hakuuacha. Alifungwa kwa kumjeruhi mtu katika ugomvi wa kisimani wakati wa kiangazi. Mahakamani hakukana. Alisema ni kweli alimpiga, na ngamia wake walikuwa hawajanywa. Miezi ya mwanzo hakumsumbua mtu. Alisali, akafagia, akala alichopewa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua. Kisomali alikielewa ila hakupenda kukizungumza. Kwa hiyo aliishi katikati ya watu wengi kama mtu aliye nje ya dirisha.

Siku moja akapata mgeni. Walisema maneno machache kwa lugha yao, mgeni akaondoka. Wakati wa chakula cha jioni mfungwa mmoja akamgusa bega ili asogee kwenye foleni, naye akamrukia. Sajini Dagane, aliyekuwa zamu, akaingia kuwaachanisha, na sahani ya bati ikampasua juu ya jicho. Mimi ndiye niliyemshona. Alikaa kwenye kiti akiwa ametulia kama anayenyolewa, na aliuliza jambo moja tu: "Sista, nitaonekana mbaya kwa bibi yangu?" Nikamwambia labda atampenda zaidi. Ibrein akapelekwa seli ya mwisho kwenye kile kijia cha seli za peke yake, ambako bati huanza kupata jua asubuhi na halipumziki hadi magharibi.

Baada ya muda malalamiko yakaanza. Kila asubuhi, sala ya alfajiri ikiisha, Ibrein alikuwa akiita. Alipiga mluzi, akatoa mlio mrefu wa kooni, kisha akataja majina, moja baada ya jingine, huku akipumzika kidogo kati ya jina na jina kama anayesubiri mtu aje. Wafungwa wa seli za jirani hawakupata usingizi. Wengine waliogopa.

Sajini Dagane akaja zahanati, plasta bado iko juu ya jicho. "Sista, hii mtu anaongea na majini. Anaita mmoja mmoja kwa jina, na anangoja waje. Mimi nimesoma Ayatul Kursi mlangoni, hasikii. Mchome sindano alale, na sisi tupumzike."

Msimcheke Sajini. Wakati ule sindano ndiyo iliyokuwa jibu la haraka kwa kila kelele, na hata sisi wauguzi wengi tuliiamini kuliko tulivyowaamini wagonjwa. Sikatai, dawa zimewaokoa watu wengi mikononi mwangu, na zilikuja kumsaidia Ibrein pia, mtasikia. Lakini dawa ya kumnyamazisha mtu ili wengine walale ni dawa ya hao wengine. Nikamwambia, "Sajini, nipe muda kidogo. Sijajua anaumwa nini."

"Bolebole basi, Sista," akasema. "Lakini usikae karibu na tundu."

Nikaketi kwenye jerikeni pembeni ya mlango wa Ibrein, asubuhi kabla jua halijakolea. Nikamsalimia kwa Kisomali, kimya. Kwa Kiswahili, kimya. Nikamwambia siku, hali ya hewa, na bei ya mbuzi sokoni niliyoisikia kwa watu wa lango. Na kila nilipoondoka nilimwambia nitarudi lini. Hili lishikeni sana. Mtu aliye peke yake hana kazi nyingine ila kungoja. Ukisema kesho, nenda kesho. Mtoto akiugua, ukapata semina, gari likiharibika, tuma mtu akamwambie, "Sista hatakuja leo, atakuja Jumatatu." Ahadi ndogo ikivunjika, kwako ni ratiba iliyobadilika, kwake ni ukuta umeongezwa tofali.

Asubuhi moja alinimwagia chai kupitia tundu, ikanilowesha magoti. Nikasema, "Asante, leo nilikuwa sijanywa." Hakucheka. Na kusema kweli utani wenyewe haukuwa mzuri.

Hapa nikumbushe jambo jingine. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekuwa akijifunza kwetu alikuja mbio siku moja kuniambia kwamba mgonjwa wa wodi ya wazee anajisemea peke yake na kuhesabu vidole. Nikaenda naye. Tukamkuta mzee amekaa mkekani akivuta uradi baada ya sala, anahesabu kwa vidole kwa sababu tasbihi yake ilikatika. Tulingoja amalize, akatuombea dua sote wawili. Kabla hujasema kwamba mtu anasikia sauti, jua kwanza anasema nini, kwa lugha gani, na kwa nani. Mimi nilikuwa nimelijua hilo kwa mzee huyo, lakini kwa Ibrein nilikosa masikio. Nilihitaji mtu.

Mungu akamleta. Tulipokea koplo mmoja aliyehamishiwa kwetu, kijana wa Isiolo, nitamwita Guyo, akapewa kazi ya stoo. Nikapita pale nikamsikia akizungumza na mama yake kwa simu, "Ayo, Ayo," na mlio wa lugha yake, uleule wa Ibrein, ukanisimamisha. Nikamwomba aje nami seli ya mwisho asubuhi inayofuata asikilize tu.

Tukasimama kijiani. Ibrein akaanza: mluzi, ule mlio wa kooni, kisha majina. Guyo alisikiliza kidogo tu, akavua kofia.

"Sista, hayo si majini," akasema. "Anaita ngamia."

"Ngamia gani?"

"Wake. Uko kisimani, wengi wana kiu, ukiwaacha waje pamoja watakanyagana na kuvunja birika. Kwa hivyo unamwita mmoja kwa jina, anakuja, anakunywa, unaita mwingine. Huyo ni Dima, mwekundu. Huyo Adi, mweupe. Daalo ni wa kijivu. Baba yangu huita hivyo hivyo." Sauti yake ikabadilika kidogo. "Ndiyo maana anangoja katikati. Anawapa muda wanywe."

Guyo akasogea pembeni ya mlango, akaketi kwenye jerikeni langu, akamwita "Abuya," kama kijana wa kwao anavyomwita mjomba, akamwuliza kama kuna amani. Kisha neno likatoka ndani: "Nagaa." Amani. Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu alipofungiwa.

Kupitia Guyo tukajua mgeni yule alileta habari gani. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ngamia wote. Walikufa njiani kwenda kutafuta maji, na aliyekuwa akiwachunga ni mtoto wa dada yake ambaye hakujua visima. Guyo akamwuliza, "Abuya, kama wamekufa, mbona unawaita?"

Ibrein akasema, "Nani mwingine atawaita?"

Guyo alinitafsiria akiwa ametazama chini. Sajini Dagane alikuwa amesimama nyuma yetu na funguo zake, naye akasikia. Kuanzia siku hiyo sikumsikia tena akitaja majini.

Basi tukawa tunakwenda wawili, na siku ambazo Guyo alibanwa na stoo nilikwenda peke yangu. Aliwahi kunifundisha ule mluzi na mlio wa kooni, nami nikafanya mazoezi jikoni kwangu hadi jirani akauliza kama nina pumu. Asubuhi moja nikaujaribu mlangoni kwa Ibrein, kwa moyo wote. Kisha sauti ikatoka kwa Kiswahili cha sokoni: "Mama. Hivyo unaita bunda."

Punda! Sajini Dagane aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Na ndani ya seli nikasikia kitu kama kikohozi, ambacho nadhani kilikuwa kicheko kilichokosa njia. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilidhani tumevuka.

Lakini baada ya muda askari wa zamu wakaanza kuniambia habari njema: kelele zimepungua, seli ya mwisho inatulia, watu wanalala. Walinishukuru. Nami nikashukuru. Guyo ndiye aliyenijia zahanati, akafunga mlango nyuma yake.

"Sista, wanapungua."

"Kina nani?"

"Ngamia. Majuzi hakumwita Adi. Jana hakumwita Daalo. Nikamuuliza, akaniambia amewaaga. Na leo amenipa hii." Akanionyesha kofia ya kufuma ambayo Ibrein alikuwa akiivaa wakati wa sala. "Amesema mimi ni kijana, nitaihitaji."

Wanangu, kelele hutuchosha, ndiyo maana kimya hutudanganya. Mtu anayepiga mlango bado anaamini kuna mtu upande wa pili. Mkimwona aliyekuwa akilalamika ametulia ghafla, anarudisha chakula bila kukigusa, anagawa vitu vyake na kuaga, msiandike "ametulia". Nendeni mkaulize. Na mwulizeni waziwazi. Kuna wanaohofu kwamba ukimwuliza mtu kama anawaza kufa utamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Wazo huwa limeshaingia zamani, wewe unampa tu wa kumsaidia kulibeba.

Tukaenda. Nikamwambia Guyo, "Mwulize kama anataka kufa." Guyo akasitasita. "Sista, kwetu neno hilo halisemwi namna hiyo kwa mtu mzima." Nikamwambia aliseme kwa namna linavyosemeka. Akalisema kwa mzunguko mrefu wa maneno, kwa sauti ya mtoto mbele ya mkubwa. Ibrein akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ngamia wakiisha kunywa, mchungaji anaondoka kisimani."

Sikungoja zaidi. Nikamwambia Guyo asitoke hapo, aendelee kuzungumza naye juu ya chochote, nami nikaenda kwa mkuu wa gereza. Sisi tulimwita Afande Inchaji, mtu wa Magharibi, mwenye haki lakini mgumu. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sista, mtu huyo alimtoa damu askari wangu. Nikimtoa kabla adhabu haijaisha, kesho wataniambia nini vijana wangu? Kwamba damu yao ni rahisi?"

Lilikuwa swali la haki, na sikulidharau. Mkifanya kazi gerezani kumbukeni kwamba askari naye anaogopa, naye yuko mbali na kwao, na kijia kile cha seli za peke yake humla polepole pia. Nikamwambia, "Afande, siombi asamehewe. Naomba asiwe peke yake. Hayo ni mambo mawili."

Akafikiri. Akasema, "Mwulize Dagane. Yeye ndiye mwenye jicho. Akikubali, nami nakubali."

Nilimkuta Sajini Dagane langoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Nikaanza kumweleza, akanyoosha mkono kunizuia. Akagusa kovu lake, ambalo nyuzi zake nilikuwa nimeshazitoa.

"Sista, mimi ulinishona. Nimebona, alhamdulillahi. Yeye nani amemshona?" Akachagua ufunguo kwenye shada lake. "Twende."

Dagane alifungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ibrein alikuwa amekaa sakafuni na magoti yake kifuani, na alipomwona nani aliyesimama mlangoni alijikunja akafunika kichwa, akingoja kipigo. Dagane alichuchumaa, sare na yote, akasema kwa Kisomali pole pole, Guyo akiongezea kwa Kiborana: "Ndugu yangu, nimesikia habari za ngamia wako. Pole sana. Baba yangu pia alikuwa na ngamia, nao kiangazi kiliwachukua. Alijifunika ngozi yake ya kulalia mwaka mzima, asitake kuona mtu."

Ibrein akatoa mikono kichwani. Akalitazama lile kovu. Kisha akalia. Nimesikia watu wengi wakilia katika kazi yangu, lakini kilio kile kilikuwa kama cha mtu anayetapika sumu. Sikumnyamazisha. Dagane naye hakumnyamazisha, aliweka tu kiganja chake mgongoni mwa yule mtu. Tulisimama pale hadi kilipokwisha chenyewe.

Siku hiyo hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Akahamishiwa kitanda cha zahanati, na Dagane na Guyo wakapokezana kukaa naye. Daktari wa akili aliyekuwa akitutembelea alifika baadaye, akamsikiliza kupitia Guyo bila haraka, akasema ana huzuni nzito ya ugonjwa, akamwanzishia vidonge. Gereza lilikuwa na kundi la mbuzi, na Afande Inchaji akaruhusu Ibrein awe akitolewa kuwaangalia, mwanzoni kwa muda mfupi na Dagane pembeni yake. Mara ya kwanza alipowaona aliwakodolea macho, akamwambia Guyo jambo. Guyo akajizuia kucheka.

"Anauliza kama hawa ndio mnaowaita mbuzi."

Msidhani kuanzia hapo kila kitu kilikuwa asali. Ziko siku alikataa kutoka kitandani. Siku moja alitema vidonge na kunirushia bilauri, na ilibidi tuanze tena karibu mwanzo. Mwezi wa Ramadhani tulihangaika na saa za dawa mpaka daktari alipozipanga daku na futari. Lakini alikuwa miongoni mwa watu. Alirudi wodini kwa wafungwa wenzake, akapata rafiki wa kucheza naye bao la kuchora mchangani, na mtu yuleyule aliyemgusa bega kwenye foleni akawa anamchotea maji. Aliwataja ngamia wake tena, ila sasa aliwasimulia badala ya kuwaita: Dima alikuwa mkaidi, Adi aliwahi kuiba unga wa mwalimu. Wafungwa wa Nairobi walikaa wakimsikiliza, hata wasioelewa nusu yake.

Na Afande Inchaji, bila sisi kumwomba, akaweka utaratibu kwamba mtu yeyote anayepelekwa seli ya peke yake aonwe na zahanati siku hiyohiyo na kila siku baada yake, na atafutwe mtu wa kuzungumza lugha yake. Ninyi leo mnalikuta jambo hilo kama la kawaida. Nimefurahi kwamba kwenu ni la kawaida. Lilitoka kwenye jicho la Sajini na masikio ya Koplo.

Ibrein alimaliza kifungo chake akaenda. Aliniaga kwa kuweka mkono kifuani pake, nami sikutarajia kumwona tena. Katika kazi hii mgonjwa akipona hupotea, na kupotea kwake ndiyo shukrani.

Karibu na kustaafu kwangu nilitumwa na kliniki ya kuzunguka hadi Griftu, upande wa Wajir, siku ya soko la mifugo. Tulikuwa tumetandika meza yetu kwenye kivuli cha ukuta wa duka, vumbi la ng'ombe na ngamia limetujaa hadi kwenye meno. Pikapu moja iliyobeba mbuzi ikasimama, na nyuma, kati ya mbuzi, akashuka mtu mwenye hatua ndefu akimshika kijana mmoja mkono. Kijana alikuwa na nywele zilizosokotana na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono yote miwili, mbichi.

"Mama Mwikali," akasema yule mtu, na hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa amenenepa kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kimenenepa pia.

Alinieleza kwamba kijana ni mtoto wa jirani, kwamba alianza kuwaona watu wasiokuwapo, akapiga mtu, na familia ikamfungia kibandani kwa hofu, si kwa ubaya. Ibrein ndiye aliyekwenda kuwaambia kwamba ugonjwa huu unatibika, akakaa nao siku kadhaa hadi wakakubali. Walimpandisha kwenye gari akiwa amefungwa kamba.

"Nimeifungua njiani," akasema. "Dereva aliogopa. Akaniuliza, akiruka akimbie? Nikamwambia, akikimbia nitakimbia naye mpaka achoke, halafu tutarudi bamoja."

Nilitaka kumshukuru, nikatafuta maneno kwa lugha zote ninazozijua, nikapata moja tu la kwake, nikamwambia, "Nagaa." Akaitikia. Moyoni niliwashukuru wote: Mzee Hassan na mgongo wake, Guyo aliyepandishwa cheo akahamishwa, Dagane ambaye sasa ana duka Dadaab na hunipigia simu kila Idi kuniuliza hali ya miguu yangu. Niliishukuru hata ile siku niliyolia kwenye basi, kwa sababu ndiyo iliyonileta kwa watu hawa.

Kisha nikavuta kiti, nikaketi pembeni ya yule kijana, nikamwambia mimi ni Mwikali, nikamwuliza jina lake. Alitazama mchanga. Mamake, aliyekuwa ameshuka kutoka kiti cha mbele cha gari, akafungua kinywa kumjibia, lakini Ibrein akamtikisia kichwa taratibu, nasi sote tukangoja. Soko likaendelea na kelele zake. Alichelewa sana yule kijana, lakini jina lake alilitaja mwenyewe.